Bosi, Maji Yatapita Wapi?

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, madalali wa viwanja wa mji huu wamepata mteja wa aina mpya. Zamani aliyekuja kununua kiwanja Morogoro alikuwa mstaafu, au mtumishi aliyehamishiwa hapa, au kijana aliyesoma chuo kikuu, SUA au Mzumbe, akaupenda mji akagoma kuondoka. Siku hizi anakuja mtu mwenye nyumba yake tayari, Mbezi au Kigamboni, anatafuta ya pili. Kuhamia hataki. Anaitaka nyumba hiyo kwa Ijumaa jioni, kwa Pasaka na Idi, kwa wiki moja ya mwisho wa mwaka. Treni inamfikisha hapa kwa muda usiofika saa mbili, na siku ya foleni, kwa gari, muda huo pengine asingekuwa amevuka Kibaha.

Ukimuuliza anataka kiwanja wapi, atakujibu: mlimani. Na dalali hachelewi: "Bosi, twende Bigwa."

Kwa msikilizaji wa mbali, Bigwa ni kata ya Manispaa ya Morogoro, upande wa mashariki wa mji, kwenye barabara ya zamani ya Dar es Salaam, pale inapochepuka njia ya kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki. Ukisimama Bigwa ukatazama kusini huoni upeo. Unaona milima ya Uluguru imesimama wima, na juu upande wa mji kilele cha Lupanga, kinachopita mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, mara nyingi kimejifunika wingu. Umeme upo, soko la Chifu Kingalu si mbali, hospitali si mbali, na hiyo njia ya Kisaki inaelekea upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Kwa hiyo mteja wetu hajakosea kupapenda. Waliouita mji huu "mji kasoro bahari" walijua kwamba kila kitu kingine unacho.

Mimi sina ugomvi na nyumba ya pili. Kama umeipata fedha yako kwa jasho, jenga. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Seyyid Barghash wa Unguja alikuwa na kasri lake Chukwani, nje ya mji, la kupumzikia. Wajerumani walipotutawala walijenga nyumba ya mapumziko pale Morningside, juu ya mji wetu huu, wakikimbia joto na malaria ya bondeni, kama walivyokimbilia Lushoto wakaibatiza Wilhelmstal. Leo ukipanda Morningside kwa miguu utakuta jengo chakavu na mandhari ya bure kabisa.

Ninachotaka kukuambia jioni hii ni kwamba watu wanaianza nyumba ya mlimani kwa kinyume. Wanaanza na ramani, wanafuata rangi ya bati, halafu vigae, halafu dirisha kubwa la kutazamia mlima. Maji wanayafikiria siku yanapoingia sebuleni.

Wenzetu wa nchi za baridi wana mazoea ya nyumba ya pili kwa muda mrefu kuliko sisi. Kwenye milima ya Alpi huko Ulaya, na Colorado kule Marekani, mtu wa mjini mwenye uwezo hujenga nyumba ya kuendea kuteleza kwenye theluji wiki chache za mwaka, kisha anaifunga na kurudi mjini. Watu wetu wakiziona nyumba hizo kwenye runinga wanachokiona ni meko ya ukutani na mbao zinazong'aa. Hawaoni kilichotangulia. Mhandisi wa kule hachori paa kabla hajajua theluji ya mahali pale ina uzito gani, maana theluji ikilundikana juu ya nyumba ni mzigo wa tani nyingi. Uswisi wana ramani zinazoonyesha mahali theluji, mawe na matope huporomoka, na pamepakwa rangi. Kwenye rangi nyekundu hujengi nyumba mpya, hata kama kiwanja ni cha babu yako.

Tena Waswisi wakaenda mbele zaidi. Machi 2012 walipiga kura ya nchi nzima, na kwa tofauti ndogo sana wakapitisha kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa. Vijiji vya milimani vilikuwa vimejaa madirisha yaliyofungwa mwaka mzima, huku kijana aliyezaliwa palepale hana uwezo wa kupanga hata chumba. Sisi Bigwa hatujafika huko. Ila tukiendelea na mwendo huu wa madalali, mjukuu wa Mluguru atakuja kuwa mlinzi wa kiwanja alichozaliwa bibi yake, na hilo linafaa kuanza kuzungumzwa sasa.

Turudi kwenye mzigo unaotoka juu. Kwetu ni mvua.

Kuna jambo lilitokea Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiihii, Februari 1970. Ilinyesha mvua ya kama milimita 100 ndani ya saa chache. Watafiti wawili, Temple na Rapp, walikwenda kuhesabu madhara na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1972. Walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Mvua moja, maporomoko elfu na ushee. Na karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye majani. Yaliyoanzia chini ya miti yalikuwa machache sana. Mizizi ilikuwa imeushika udongo, na pale ilipokuwa imeng'olewa, mlima ulishuka.

Na kama 1970 ni mbali, kumbuka Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Siwaambii haya ili mwogope mlima. Waluguru wameishi humo kwa vizazi na vizazi, na hawakuishi kwa bahati. Walijua pa kujenga na pa kuacha.

Sasa tupige hesabu kidogo, chukua kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 12 kwa mita 10 ina paa la mita za mraba 120, achilia mbali mabaraza. Ikinyesha mvua kama ile ya Mgeta, paa lako peke yake litamwaga lita 12,000 kwa saa chache. Kabla hujajenga, maji hayo yalikuwa yananyweka kwenye ardhi yenye majani na migomba. Sasa yanaanguka kwa pamoja kwenye ukingo wa nyumba, yanachimba msingi wako, halafu yanateremka kwa jirani wa chini. Ongeza uwanja uliousakafia kwa ajili ya magari matatu. Ongeza ukuta wa uzio unaoyakusanya na kuyatolea mahali pamoja, getini. Jirani wa chini, mama mwenye nyumba ya tope na bustani ya mchicha, ndiye anayepokea.

Ndiyo maana fundi mwashi wa Bigwa aliyezeeka kazini ana swali moja analoliuliza kabla ya kuchukua futi kamba. Mazungumzo huwa hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bosi. Karibu Bigwa."

"Ahsante. Mzee wangu, hapa nataka maegesho ya magari, pale bwawa dogo la watoto kuogelea, na baraza itazame mji."

"Sawa, bosi. Na maji yatapita wapi?"

"Maji gani tena, mzee? Si bomba limefika?"

"Ya mlimani, bosi."

Hapo bosi hucheka, halafu humpigia kijana wa kijiko. Kijiko kinakuja, kinakata mlima kwa siku moja, kinatoa uwanja uliolala sawasawa kama wa Kigamboni. Udongo uliokatwa upande wa juu unasukumwa upande wa chini kujazia. Nyumba inasimama mguu mmoja juu ya ardhi ngumu iliyokatwa, mguu mwingine juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa vya kutosha. Masika ya kwanza inavumilia. Ya pili, ufa unatokea kwenye kona ya dirisha, mwembamba. Fundi Maiko, yule wa kubahatisha, anaitwa, anaupaka skimu na rangi, anakula hela yake. Masika inayofuata ufa umeingia mkono.

Kwa nini kijiko kinaitwa upesi hivyo? Kwa sababu ya ramani. Ramani nyingi zinazojengwa leo zimetumwa kwa WhatsApp: vyumba vinne, sebule, jiko la ndani, picha ya rangi yenye gari jeusi mbele. Zimechorwa kwa kiwanja cha tambarare. Ukiwa nayo mkononi unalazimika kuutafutia mlima utambarare ambao haunao. Mbunifu majengo aliyesajiliwa atafanya kinyume chake. Atakuja kwenye kiwanja kwanza, atapima mtelemko, kisha ataishusha nyumba kwa ngazi: sebule hapa, hatua tatu chini vyumba, hatua nne chini stoo na tangi. Au ataisimamisha kwenye nguzo, upande wa chini uelee, maji yapite kwa raha zao. Ada yake utaiona kubwa. Iweke karibu na bei ya kijiko, malori ya kifusi na ukuta wa kuzuia udongo usianguke, kisha amua.

Juu ya kukata mlima, Uluguru una historia yake, na sijui kwa nini haisimuliwi kwa wanaokuja kununua. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa milima hii. Nia ilisemwa kuwa njema. Watu walilazimishwa kukata ngazi kwenye mashamba ya mtelemko, kwa nguvu zao, bila malipo. Sehemu nyingi ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, mazao yakadumaa. Mwaka 1955 yakazuka machafuko upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukafa baada ya muda mfupi. Wale wazee hawakuwa wakaidi wa maendeleo kama walivyoandikwa. Waliijua ardhi yao ilivyopangika, tabaka kwa tabaka. Sasa bosi na kijiko chake anarudia kazi ileile, kwa kina zaidi, bila hata bwana shamba wa kumwelekeza.

Kama ni lazima ukate, kata kidogo. Ukuta wa kushikilia udongo ujengwe kwa mawe, na mawe yapo tele hapa, na uachiwe matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu unageuka bwawa, na siku moja bwawa linapasuka. Upande wa juu wa nyumba chimba mtaro wa kinga maji, uyazungushe hadi kwenye mkondo wa asili, usiyaelekeze kwenye njia ya watu. Weka gata paa zima na tangi kubwa kuliko unalofikiri linatosha. Mvua ya mji huu kwa mwaka ni kama milimita 850, kwa hiyo lile paa la mita za mraba 120, hata ukipoteza robo njiani, linakupa lita zaidi ya 75,000. Maji hayo yatakumwagilia bustani kiangazi kizima, na hayatakuwa yamembomolea mtu choo.

Na miti iache. Nimeona kiwanja kimefyekwa chote, mpaka miembe, ili "kionekane", halafu mwenyewe anakwenda kununua miche ya kigeni kwenye vifuko kandokando ya barabara. Ukitaka kushika udongo kwenye kingo, panda nyasi za vetiva. Mizizi yake inashuka chini kweli kweli. Mikaratusi iweke mbali na chemchemi.

Hapa niseme kitu kuhusu baridi, maana nimeahidiwa kuonyeshwa nyumba moja yenye dohani. Bigwa si Lushoto, msikilizaji. Mji wetu uko mita 500 na kitu tu kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6, na hizo nyuzi za baridi ziko juu, kwa watu wa Tegetero na Towelo. Chini hapa Januari utatoka jasho kama uko Ilala, na Julai utavaa sweta jioni. Meko ya ukutani utayawasha mara ngapi? Fedha ya dohani ipandishe dari, weka madirisha yanayotazamana upepo upite, na nyavu za mbu imara. Nyumba iinyooshe mashariki kwa magharibi ili kuta ndefu zisipigwe na jua la asubuhi na la alasiri. Mlima uko kusini, kwa hiyo baraza ya kuutazama mlima itakuwa na kivuli kuanzia Machi hadi kama katikati ya Oktoba, jua likiwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki jua linahamia kusini, na paa lililochomoza mita mbili litakutosha. Huu ni utamu ambao watu wa nchi za theluji hawana. Wao wanalitafuta jua, sisi tunalikwepa.

Tuje kwenye ardhi yenyewe, maana maji ukiyamaliza kuna wajomba.

Uluguruni ukoo huhesabiwa kwa mama. Ardhi ya ukoo kwa desturi hupita upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima kipande cha upande wa baba yake miaka na miaka, akapanda migomba, akajenga, lakini baba akifariki, ukoo wa baba una neno juu ya kipande kile. Sasa dalali anakuletea muuzaji, mtu mzima, mpole, ana barua ya mtaa na mashahidi wawili. Wewe wa kutoka kwingine unaona baba mwenye nyumba, unadhani mambo yamekwisha. Muulize, kwa heshima: "Mzee, shamba hili ni la kwa mama au la kwa baba?" Halafu omba kukutana na dada zake, na mjomba. Kaa nao, kunywa nao chai, waandikwe na wao kwenye mkataba. Ukiona muuzaji anakwambia dada zake wako mbali na hawana shida, jua shida ziko hapo. Na mti pia una mwenyewe: mnazi au mfenesi uliopo kiwanjani huenda ulipandwa na mtu mwingine kabisa, na fidia yake ni yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya serikali, kwa hiyo usidhani mambo ya wajomba ni hadithi za jioni. Ndani ya manispaa, kama hapa Bigwa, nenda pia idara ya ardhi, uangaliwe mchoro wa mipango miji, bikoni zihakikiwe, na kama kuna hati, ufanyike upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kibali cha ujenzi kinatolewa na manispaa kabla ya msingi, siyo baada ya lenta. Na upande wa juu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Dalali atakwambia mpaka uko kule juuu. Mpaka waulize wakala wenyewe.

Kijito je? Kila mteja wa mlimani anataka kijito kipite uani, akae kitini asikie maji yanaimba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Hatua sitini ndefu. Maana yake kiwanja kile ambacho dalali anakiuza ghali kuliko vyote, kwa sababu ya kijito, ndicho ambacho hupaswi kujenga. Ukijenga, siku ya alama ya X nyekundu usije kulia redioni. Na shimo la choo lichimbwe mbali zaidi, chini ya mahali unapochota wewe na mbali na mahali anapochota jirani. Watu wa chini wanayanywa yale maji.

Na watu wa chini ni akina nani? Hapa ndipo ninapotaka mteja wetu wa Dar asikilize vizuri. Vijito vya upande huu vinaingia Mto Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu ndio unaochotwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayopeleka maji Dar es Salaam. Tope ulilolimwaga Bigwa kwa kijiko chako linashuka kuelekea kwenye bomba la nyumba yako ya kwanza. Utalipia kusafishwa kwake kwenye bili, au utakosa maji siku ambazo mto umechafuka, kisha utailaumu mamlaka ya maji.

Matofali nayo yana lake la kusema. Morogoro tunapenda tofali la kuchoma, ni zuri, ni jekundu, linapendeza likiachwa bila ripu. Lakini tanuru linakula kuni, na kuni hazitoki Dar. Kabla hujaagiza, uliza kuni za tanuru hilo zimekatwa wapi. Kuna tofali la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine bila moto, lile la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi ulilitangaza kwa miaka mingi. Linahitaji fundi aliyelizoea. Na mafundi tuwachukue hapahapa. Bigwa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vile vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, na vijana wa kata hii wanaijua ardhi yao kuliko kundi la mafundi unaloliteremsha kwa Coaster kutoka mjini.

Sasa tuseme umejenga, na imesimama. Umefikiria kwamba nyumba hii italala tupu siku nyingi kuliko utakazolala wewe? Nyumba isiyokaliwa ina wenyeji wake. Mchwa wanapanda kwenye fremu za milango. Popo wanaingia darini kupitia kofia ya bati isiyobana, na harufu yao huitoi kwa dawa ya maua. Bomba linapasuka Jumatatu, wewe unakuja mwezi ujao. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, inaendelea kukusubiri hata kama umezima taa zote.

Kwa hiyo anza na nyumba ya mtu atakayebaki. Kwenye viwanja vingi mlinzi huwekwa kwenye banda la bati lililobaki baada ya ujenzi, pembeni ya geti, joto mchana, baridi usiku, bila choo cha maana. Halafu tunashangaa anaondoka na koki. Mjengee chumba na sebule za tofali, jiko, choo, bustani ya kulima, aje na mke wake na watoto wasome shule ya hapo. Huyo ndiye ataona mtaro umeziba kabla mvua haijaja, na ndiye atakayejua jina la mjumbe na la jirani mgonjwa. Nyumba yako wewe ifanye ndogo. Vyumba viwili au vitatu na baraza pana vinawatosha watu waliokuja kukaa nje. Hekalu la vyumba sita utalifagia, hutalikalia.

Kwa Manispaa nina ombi moja. Ramani ya mitelemko mikali na mikondo ya maji ya kata za mlimani ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, kwa rangi, kwa Kiswahili, ili hata mama anayeuza kipande cha ukoo na kijana anayekinunua waione bila kuomba. Waswisi wameweza kwa theluji, na sisi wataalamu wa kuchora ramani tunao SUA na Chuo Kikuu Ardhi.

Na kwako wewe unayenisikiliza ukiwa na picha ya kiwanja cha Bigwa kwenye simu: picha hiyo imepigwa Agosti, kila kitu kikavu, anga la buluu. Usilipe Agosti. Subiri Aprili, panda treni, vaa buti za mvua, mwambie dalali akupeleke mvua ikiwa inanyesha, wala usikubali visingizio vya njia mbaya, maana njia hiyohiyo ndiyo utakayopita. Simama kiwanjani uone maji yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Muulize mama wa nyumba ya chini kama amewahi kuhama kwa ajili ya maji. Ukiona bado unapataka, kamtafute mjomba.